Hii Usiandike, Karani

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nimeshaanza kukosea. Mafuriko yalikuwa mwaka uliotangulia, yale yaliyoingia mpaka kwa kinyozi yakaondoka na viti. Mwaka wenyewe ni ule ambao nguzo za umeme za mbao ziling'olewa mtaa mzima zikachimbiwa za zege, na umeme ukawa unakatika na kurudi kama mgeni aliyesahau kofia. Nguzo ndizo za kushikia hesabu, maana bila nguzo zile huenda kompyuta ya Karani ingekuwa inafanya kazi mpaka leo.

Karani mwenyewe hakuwa karani tena. Miaka ishirini na tisa alikaa kwenye stoo ya hospitali kubwa, akipokea na kutoa shuka, sabuni, bandeji na ndoo. Alipostaafu, jina likakataa kustaafu. Majirani walimwita Karani, muuza mkaa alimwita Karani, na mkewe, aliyezaa naye binti mmoja na kula naye sahani moja kwa miaka thelathini na mitano, naye alimwita Karani.

Mke alikuwa mshonaji wa nguo za kike. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka, nacho kiligawanywa na pazia la kijani. Upande wa dirishani kulikuwa na cherehani na meza ya kukatia. Upande wa ndani kulikuwa na kioo, kigoda, na wateja wanaopimwa. Mwanamume havuki pazia mteja akiwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, hata kwa mwenye nyumba. Basi Karani alipostaafu, akaonekana anazunguka zunguka tu na kuulizia chakula kila saa, mkewe akamtafutia kazi: akae mbele ya pazia na daftari, yeye apime na kutaja kwa sauti, Karani aandike. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, herufi zimesimama wima kama wanafunzi siku ya ukaguzi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja mama mmoja mnene mwenye ulimi.

"Kiuno, arobaini na nne," mshonaji akasema, kwa sauti ya kuvuka pazia.

"Shoga," yule mama akasema, "kiuno changu unakitangaza kama matokeo ya mpira."

"Karani hasikii vizuri."

"Yeye hasikii, lakini kituo cha basi chote kimesikia. Wamebaki wawili wanaosinzia. Warudie basi, wasikose."

Siku hiyo yule mama alipata jina, akawa Mama Kituo, na Karani akakosa kazi kwa wiki tatu.

Aliyeleta dawa ni binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mbali. Ofisi yao ilikuwa inabadilisha vifaa, akawatumia kompyuta ya mezani iliyochoka kidogo, na kinasa sauti kidogo cha waya. Akamfundisha mama yake kwa simu: bonyeza hapa, sema, bonyeza pale, imeisha. Kompyuta ikawekwa nyuma ya pazia. Mshonaji sasa alipima kimya kimya na kunong'onea kile kidude. Alasiri, saa tisa, wateja wakipungua, walibadilishana pande: yeye alikwenda dirishani kushona, Karani akaingia nyuma ya pazia, akavaa visikilizio, akafungua daftari na kuandika alichosikia.

Siku za mwanzo zilikuwa namba tu. Kifua thelathini na sita, bega kumi na tano, mkono ishirini na mbili. Siku ya nne au ya tano, katikati ya namba, sauti ya mkewe ikasema taratibu: "Hii usiandike, Karani. Umeacha birika jikoni, moto unawaka."

Karani akavua visikilizio akakimbia. Lakini maneno yalikuwa ya saa nne asubuhi, na sasa ilikuwa saa tisa. Birika lilishaungua kitako, na mkewe alishaliondoa zamani. Alimkuta dirishani, ameinamia cherehani, mabega yanacheka bila sauti.

Ndivyo ilivyoanza. Yule mshonaji, nisikudanganye, hakuwa mtu wa maneno. Ana kwa ana mkishaulizana chumvi iko wapi, mmemaliza. Pengine ni kazi ya kushika pini mdomoni miaka mingi. Mdomo huzoea kufunga. Lakini kile kidude cha waya kilimfungua. Kila siku, kati ya nyonga za huyu na shingo ya yule, kulikuwa na neno moja au mawili, na daima lilianza vile vile. Hii usiandike, Karani: huyu aliyetoka amenenepa, mumewe amerudi. Hii usiandike: mvua inakuja, naisikia kwenye goti. Hii usiandike: leo nimechungulia nikakuona unakunja vitambaa vya watu, nikajiuliza, mtu mzima gani huyu anakunja vizuri hivi.

Karani alikuwa mtu wa stoo. Ukimwambia andika, anaandika. Ukimwambia usiandike, kalamu haigusi karatasi. Alikaa kwenye kigoda, sauti ya mkewe masikioni, na kwa mbali, nje ya visikilizio, cherehani ya mkewe yule yule ikienda. Akimaliza hutoka, humkuta kainama, huuliza, "Chai?" Naye hujibu, "Weka." Hakuwahi kumjibu yale mengine. Angemjibuje? Aliambiwa asiandike, hakuna aliyemwambia aseme. Ikaenda hivyo miaka saba.

Kisha mshonaji akaugua siku kumi na moja, akafa.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Binti alikaa mwezi mzima, naye akarudi kazini kwake. Alipokwisha kuondoka, Karani alisubiri saa tisa, akaingia nyuma ya pazia, akavaa visikilizio. Hakutaka kula kwa pupa. Alianza na siku ya kwanza kabisa, akasikiliza ya siku hiyo tu, akazima. Kesho yake, siku ya pili. Daftari la wakati ule aliliweka magotini akafuata namba kwa kidole, kama kwamba kuna nguo inangojea. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: sauti ni za miaka saba, akila siku moja kwa siku moja, zitamfikisha miaka saba. Zaidi ya hapo hakupanga. Akiba haiozi, ndivyo walivyosema tangu zamani.

Alikuwa amekula miaka miwili na nusu mafundi wa umeme walipofika na nguzo zao. Umeme ukakatika mara nne kwa siku, mara tano. Siku moja saa tisa akabonyeza kompyuta, kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, na ndani ya sanduku kikasikika kitu: tak, tak, tak. Kama sindano iliyopinda inapogonga chuma cha cherehani. Karani akazima, akawasha. Tak, tak, tak.

Hakuogopa. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia, kwamba siku ile hakuogopa hata kidogo.

Alikuwa na sababu. Miaka ya mwanzo binti alimwambia kwa simu, "Baba, kila mwezi nakili mafaili kwenye flashi. Diski ni kama mtu, ina siku yake." Naye alinakili. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, bila kukosa, alishika ile picha ya bahasha ya njano iliyoandikwa VIPIMO pale mbele kwenye kioo, akaiburuta mpaka kwenye flashi. Iliingia kufumba na kufumbua, na wepesi huo ulimpendeza. Kwa desturi ya stoo hakuridhika na nakala moja. Alikuwa na flashi tatu. Moja ndani ya kopo la vifungo, moja kabatini, moja kwenye mfuko wa koti la mkewe. Kila akimaliza aliandika tarehe na neno "imepokelewa". Kuifungua flashi atazame ndani hakuwahi. Stoo haifanyi hivyo. Boksi likija na lakiri yake, unahesabu boksi, unaweka sahihi. Ukilifungua umelivunjia heshima, na kesho bandeji zikipungua utaulizwa wewe.

Basi asubuhi yake alilibeba sanduku la kompyuta kifuani, flashi tatu mfukoni, akaenda kwa Mama Bisibisi. Huyu alikuwa fundi kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kibanda chake kati ya mchonga funguo na kinyozi. Meza yake ilijaa skrubu zilizopangwa ndani ya vizibo vya soda, na feni isiyo na kifuniko iliyokula shanga za wateja wawili.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyu."

Akaiunganisha, akatega sikio. Tak, tak, tak. Akaichomoa haraka kuliko alivyoichomeka.

"Inagonga tangu lini?"

"Jana, saa tisa."

"Ukaizima?"

"Nikaiwasha tena."

"Mara ngapi?"

"Kumi na mbili. Labda kumi na tatu."

Mama Bisibisi akakuna nywele kwa ncha ya bisibisi.

"Lakini haidhuru," Karani akasema. "Hiyo unaweza kuitupa. Vyote ninavyo hapa." Akaziweka flashi tatu mezani, zimesimama mstari.

Mama Bisibisi akachomeka ya kwanza. Akatazama. Akachomeka ya pili, na ya tatu, na safari hii alitazama muda mrefu kuliko unaohitajika.

"Karani, hapa ndani mna kitu kimoja. Kina kilobaiti moja."

"Ndogo?"

"Barua ya ukurasa mmoja ni nzito kuliko hiki." Akamgeuzia kioo. "Unakaona haka kamshale hapa pembeni?"

"Nakaona. Kako tangu siku ya kwanza. Nilijua maana yake ni kwamba mzigo umekwenda."

"Maana yake, mimi siye, mwenyewe yuko kule." Akatafuta mfano, akauona mtaani. "Ni kama kile kibao. Kinasema hospitali, mbele. Ukikinakili, unapata kibao kingine. Wewe una vibao vitatu. Hospitali haimo ndani ya kibao."

Karani akakitazama kibao cha kweli kule barabarani, kana kwamba kinaweza kubadili maneno.

"Na hospitali iko wapi?"

Mama Bisibisi akaweka kiganja juu ya sanduku.

"Miaka yote hii," Karani akasema.

"Makosa ya wengi, mzee wangu. Hata maofisini huko wenye tai wanafanya hivyo hivyo."

Tuseme ukweli, yule mwanamke alihangaika. Alijaribu kwa njia zake siku tisa. Kisha akaifunga diski ndani ya sponji na kuituma kwa mwenzake mji mwingine, mwenye chumba kisichoingia vumbi na vifaa vya kufungulia. Karani alipita kibandani kila siku saa tisa, maana ile saa sasa haikuwa na pa kwenda. Mama Bisibisi alimsogezea kigoda. Mara nyingine alimpa skrubu azitenganishe kwa ukubwa, naye alizitenganisha vizuri mno.

Wiki ya sita diski ikarudi, imefunguliwa. Ndani mlikuwa na kisahani kinachong'aa kama kioo, na juu yake duara la mkwaruzo, jembamba, limezunguka lote.

"Kile kichwa kinachosoma kimeangukia hapa," Mama Bisibisi akasema. "Kikalima. Kila ilipowashwa kikalima tena. Vumbi hili unaloliona pembezoni ndilo lililokuwa mafaili."

Karani akauliza kama anaweza kuondoka nacho. Akakizungushia kitambaa, akakipeleka nyumbani, akakiweka kwenye kopo la vifungo.

Jioni binti alipiga simu.

"Baba, fundi amesemaje?"

"Amesema maji yamemwagika."

"Mungu wangu. Kosa langu. Nilikwambia unakili, sikukwambia ufungue utazame."

"Ulisema nakili, nami nilinakili. Usijitese mwanangu."

"Kwani kulikuwa na nini humo, baba? Si vile vipimo tu vya mama?"

Hapo Karani alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa amesimama karibu na pazia. Miaka tisa na nusu hakumwambia mtu, hata binti huyu, na sasa akijaribu kuanza, aanzie wapi? Birika? Goti? Atasema mama yako alizungumza nami humo?

"Vipimo tu," akasema.

"Basi afadhali. Namba si zote zipo kwenye madaftari?"

"Zipo zote. Daftari kumi na moja. Hakuna hata moja iliyopotea."

"Unaona? Afadhali hiyo."

"Afadhali."

Baada ya simu akakaa kwenye kigoda na kufungua daftari la saba, la miaka ile ambayo hakuwahi kuirudia, ile aliyoiweka akiba. Bega kumi na sita. Nyonga arobaini na nane. Kurasa safi, herufi zimesimama wima, hakuna wino uliomwagika. Kati ya mteja na mteja aliacha mstari mmoja mtupu. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Akahesabu mistari mitupu ya ukurasa ule. Sita. Hapo ndipo alipokuwa mkewe.

Akanunua daftari la kumi na mbili. Akaamua kuvunja amri: aandike yote aliyoambiwa asiandike, kabla hayajafuata diski. Alasiri ya kwanza aliandika kumi na nne. Ya pili aliandika tano, na mbili kati ya hizo, alipozisoma, zilikuwa zile zile za jana kwa maneno mengine. Wiki nzima ikampa ishirini na tatu. Jambo lililomkera zaidi si uchache. Alipozisoma kwa sauti alijisikia mwenyewe, mzee wa stoo, anasoma orodha. Kwa mkewe, "naisikia kwenye goti" ilikuwa na mshushio kidogo mwishoni, kama mtu anayekaa. Mshushio ule uandikwe kwa herufi gani?

Akaendelea hivyo hivyo, leo moja, kesho bila.

Nguzo zilikuwa zimeshasimama zote, na umeme umetulia kabisa, Mama Kituo alipobisha hodi.

"Karani, upo? Nimekuja kuchukua vipimo vyangu. Nimepata fundi mpya, ana haraka kama anafukuzwa, hataki kunipima."

"Karibu. Viko." Akatoa daftari la tatu bila kutafuta. "Kifua arobaini na mbili. Kiuno arobaini na nne."

Mama Kituo akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo mwanamke simjui tena. Niandikie hamsini, halafu unyamaze." Akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaivuta pumzi yake ikarudi. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Akaitazama. "Marehemu alikuwa na tabia yake moja. Akimaliza kunipima, mimi nafunga viatu, yeye anaweka mdomo kwenye kile kidude na kunong'ona, huku anatabasamu. Siku zote nilijua ananisema."

"Alikusema mara moja," Karani akasema.

"Enhe. Nilijua. Alisemaje?"

Hili alilikumbuka lote, pamoja na mshushio wake. Lilikuwa la mwaka wa pili. Alilila kwa zamu yake kabla ya nguzo.

"Alisema, hii usiandike, Karani: huyu mama anachekesha watu, lakini ukimshika mgongo ni mgongo wa mtu aliyebeba wengi."

Mama Kituo akakunja ukingo wa kanga yake, akaukunjua. Alizika kaka wawili na kulea watoto wao, mtaa mzima ulijua, lakini yeye alikuwa hataji.

"Umeliandika mahali?" akauliza baadaye.

"Sasa nimeliandika. Zamani sikuliandika. Aliniambia nisiandike."

"Na mengine?"

"Mengine yalikuwa mengi. Nilikuwa nayasubiri."

Mama Kituo akamtazama, kisha akatazama pazia, na pengine alielewa kilichokuwa ndani ya kompyuta ile, maana hakuulizia tena vipimo. Karani alikuwa amesimama na daftari mbili mkononi, la tatu na la kumi na mbili. Akamwuliza pale pale swali lililokuwa likimsumbua tangu siku ya kisahani. Mama Kituo akainama akaanza kufunga viatu, akavifunga muda mrefu, akasema, "Karani nawe na maswali yako," akaaga. Baadaye alimwuliza Mama Bisibisi, naye akageukia skrubu zake. Alimwuliza binti yake kwa simu, bila kumweleza sababu, na binti akasema, "Baba, umekula leo?"

Swali lenyewe halikuwa kubwa. Mtu akikwambia kila siku, miaka saba, hii usiandike, anakuwa anataka uisahau, au anataka uikumbuke?